Mikono Miwili ya Mwalimu Perez

Siku ya kwanza kazini, mwaka uliofuata Uhuru, Bwana Mkemia hakunipa kiti. Alinipa kibao cha marumaru na kisu bapa kisichokata, akaniambia nichanganye jeli ya mafuta na lanolini, yaani mafuta yatokayo kwenye sufu ya kondoo, mpaka pasibaki chembe. Jioni alijipaka kidogo nyuma ya kiganja, akatikisa kichwa. Kesho yake nikaanza upya. Katika chumba cha nyuma cha duka lake la dawa mjini Kisumu nilikaa miaka minne, na bila kujua nikampenda mzee yule wa Kihindi kama binti ampendavyo baba.

Kisha nikahamishiwa mbele, chini ya mwanawe, Meneja. Huko kulikuwa na kabati la kioo lililojaa krimu za ng'ambo katika vichupa vya rangi ya waridi. Meneja alitaka tuwaonyeshe wateja hizo kwanza. Mafuta yetu ya kopo tuyataje tukiulizwa tu.

Ndipo akaja Mwalimu Perez, mama mmoja kutoka Maseno, mikono imepasuka kwa chaki hadi damu. Nilimuuzia kichupa cha waridi, kisha cha pili, kisha cha tatu. Siku moja akanieleza, bila kulalamika, kwamba Krismasi hakwenda Kombewa kumwona mama yake, kwa kuwa nauli aliileta kwetu. Nikaenda nyuma nikamuuliza mzee kama krimu ile inastahili bei yake.

Mwalimu alipokuja tena, mzee alimpa vikopo viwili visivyo na jina: kimoja kina krimu ya ng'ambo, kingine mafuta niliyochanganya mimi. Hiki apake mkono wa kulia, hiki wa kushoto, kwa wiki tatu.

Aliporudi aliiweka mikono yote miwili juu ya kaunta. Ilikuwa imepona sawasawa. Kisha akasema taratibu kwamba bado anakipenda kichupa cha waridi, maana akikifungua hujiona mtu.

"Basi kinunue, Mama," mzee akamwambia. "Hiyo ni furaha, na furaha si kosa. Lakini ngozi yako haijui bei. Kama ni hicho au nauli ya kwenda kwa mama yako, chukua cha kopo."

Alichukua cha kopo. Pasaka akaenda Kombewa, akakaa na mama yake siku nne. Mama huyo alifariki kabla mwaka haujaisha.

Meneja aliposikia habari hiyo, alinirudisha chumba cha nyuma kama adhabu. Sijapata adhabu tamu kama ile.

Miaka ya sabini familia ile iliuza duka ikahamia ng'ambo. Nilimsindikiza mzee hadi stesheni, tukashikana mikono. Barua zake zilikuja mbili, zikakoma.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Mamboleo, pembeni mwa Kisumu. Wajukuu wakiniuliza habari za krimu ghali, nawaambia ngozi kavu inataka mafuta, na ngozi inayougua ipelekwe hospitali. Wao huridhika. Mimi kila niingiapo dukani husimama kidogo mbele ya kaunta, nikitamani muuzaji mmoja tu aniambie, "Hii huihitaji, Mama."