Mjane wa Migori na Haki Iliyorudi Kumdai

Nilikuwa sokoni Kendu Bay nikichagua dagaa wa omena simu ilipolia, nikaambiwa yule mjane mwenye hoteli Migori ametutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wanaosoma safu hii wamezoea kuniona nikiwaaga wafu kwa upole. Leo upole huo sina. Tulisoma pamoja shule ya bweni Asumbi, tukaolewa karibu wakati mmoja, tukafiwa na waume zetu tukiwa bado vijana, na tangu hapo hadi nilipomwona akishushwa kaburini Rusinga, nyumbani kwa mumewe, nilikuwa nikimwonea wivu. Bado namwonea.

Wivu huu una chanzo chake. Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walikaa sebuleni kwangu, wakanywa chai yangu, kisha wakanieleza kwamba ploti tuliyonunua mimi na marehemu ni mali ya ukoo. Nilinyamaza, maana nilifunzwa kuwa mke mwenye adabu habishani na waliomwoa. Ploti ikaenda. Baada ya muda mwenzangu naye akafikwa na yale yale. Shemeji yake mkubwa alitoka Rusinga akaingia hotelini saa ya chakula cha mchana, akadai funguo mbele ya wateja. "Hoteli ni ya ndugu yangu," alisema. "Wewe ulikuja hapa kupika." Mjane alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Shem, ploti hii iliandikishwa majina mawili, lake na langu. Kama sheria inasema nitoke, aje hakimu aniambie. Wewe kaa kwanza ule samaki." Kesi ilivutana. Wengine walimshauri awaachie kwa ajili ya amani, wengine wakanong'ona kwamba ndiye aliyemuua mumewe. Hakutikisika, na mahakama ikaamua kwamba hoteli ni yake. Siku hiyo nilimkumbatia nje ya mahakama na kumpongeza kama wenzangu, huku roho ikiniuma. Alichokipata ndicho nilichokipoteza, na tofauti yetu ilikuwa kwamba yeye alifungua mdomo.

Kwa hivyo mtaelewa kwa nini nilifurahi kidogo nilipomwona akiteleza. Nilikuwa nimempitia hotelini, tunaongea kaunta, mhudumu wake mmoja akapita na sinia. Tumbo la msichana lilikuwa limeanza kuonekana. Mjane akamwita. "Wateja hawapendi kuhudumiwa na mja mzito. Mwezi huu ukiisha, nenda nyumbani kwenu."

Msichana akaweka sinia mezani taratibu. "Yawa, mama! Si wewe ulisema hakimu ndiye aje akutoe? Basi hata mimi, aje hakimu aniambie."

"Hoteli ni yangu!"

"Hoteli ni yako, mama. Kazi ni yangu."

Wateja waliacha kutafuna. Mwenzangu aliingia jikoni asirudi kuniaga, nami nilirudi nyumbani moyo mwepesi, nikijiambia kumbe shujaa wetu ni kama shemeji zake tu. Furaha hiyo haikudumu. Wiki hiyo hiyo alikwenda mwenyewe kwa afisa wa leba anayeshughulikia haki za wafanyakazi, akaketi kwenye benchi kama watu wengine, akauliza sheria inasemaje. Aliporudi aliwakusanya wafanyakazi wote, akamwambia yule msichana, "Nilikosea. Utaenda kujifungua, mshahara wako utaendelea, na utarudi kwenye kazi yako." Halafu akawaeleza wengine habari za likizo, ambazo hakuna aliyekuwa amethubutu kumuuliza. Baadaye nilimuuliza kama haikumchoma. "Ilinichoma sana," alisema. "Nilihisi kama ndiyo siku ninampa shemeji zile funguo. Lakini nilipokuwa namfokea yule mtoto, nilisikia sauti ya shemeji ikitoka kinywani mwangu."

Siku ya mazishi huko Rusinga, yule mhudumu alisimama kusema neno, mwanawe akimshika leso. Alisema, "Mama alinifukuza, halafu akanirudisha. Wengi hufanya lile la kwanza tu." Waombolezaji walicheka na kulia kwa pamoja, hata shemeji mkubwa akafuta macho. Mimi huandika kuhusu haki kila wiki, na nilikaa pale nikijiuliza ni nani atakayesimama kwenye mazishi yangu aseme maneno kama hayo. Sikumpata.

Huku kwetu, kuanzia Homa Bay hadi mpakani, mwenye ploti akisikia tingatinga la kaunti linakaribia ukuta wake hukimbilia wakili. Mtu huyo huyo ana mlinzi langoni asiyejua likizo, na yaya anayeweza kufukuzwa kabla ya chai kwa sababu ya kikombe kilichovunjika. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwenzangu aliuonja uchungu huo akiwa upande wa wenye mali, na hakutema. Ujasiri wa kumkabili shemeji ningeweza kuusingizia hasira. Huu mwingine, wa kumwambia unayemlipa kwamba sheria iko upande wake, siuoni kwa wengi, na ndio ninaomwonea wivu zaidi. Anayetaka kujua kama anaiheshimu haki asijipime siku anapoidai. Ajipime siku anapodaiwa.