Ruhusa ya Mke Wake

Mwaka ule nilikuwa naandika riwaya ya kusisimua kuhusu kampuni inayonunua kumbukumbu za watu. Mhusika wangu alikuwa ameuza kumbukumbu zake zote kuhusu mke wake, na mke akawa anamsaka mji mzima huku majambazi wa kampuni wakimsaka yeye. Katika sura ya mwisho anamfikia, anamnong'oneza sentensi moja wanayoijua wao wawili tu, na mume anakumbuka kila kitu. Niliipenda sana sura hiyo. Siku hizi nikiisoma naona aliyeiandika alikuwa hajui lolote.

Mume wangu alipigwa na kiharusi akichuma majani chai shambani kwetu, karibu na Sigowet, asubuhi ya kawaida kabisa. Alirudi kutoka hospitalini mkono wa kulia umelegea na Kikipsigis chake kikiwa kizima. Kiswahili kilikuwa kimekwenda. Mimi ni mtu wa upande wa ziwa, nilikuja Kericho kufanya kazi ya ofisi kwenye kiwanda cha chai. Sisi wawili tulitongozana, tukagombana na kulea watoto kwa Kiswahili. Kikipsigis changu ni cha sokoni tu.

Na mimi nilikuwa nimekwenda pamoja na Kiswahili. Alimkumbuka kila ng'ombe, alimkumbuka mchungaji wa kanisa. Alijua vizuri kwamba ana mke. Ila hakukubali kwamba ni mimi.

Nilijaribu hata ile hila ya riwaya yangu. Nilimwinamia sikioni nikamwambia maneno aliyoniambia siku ya kwanza, tulipojikinga mvua ya mawe kwenye banda la kupimia majani: "Madam, hii mvua imenisaidia." Aliniangalia kwa adabu, kama mtu anayesubiri mgeni amalize kuomba. Nikaenda kumenya viazi. Watu wa kanisa walinisifu kwa kuwa na moyo wa subira, nikasema asante. Kusema kweli sikuhisi chochote, nilikuwa nimekufa ganzi.

Ndugu yake wa kiume ndiye aliyekuwa akimwogesha. Alipolazimika kurudi kazini Sotik, nilipasha maji, nikabeba karai na sabuni hadi chumbani. Mume wangu akashika vifungo vya shati kwa ule mkono mzima, akaongea kwa kirefu na dada yake, ambaye anaishi shamba la pili na alikuwa ametuletea maziwa ya mursik.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Shemeji, usikasirike. Anasema wewe ni mama mzuri, unafanya kazi poa. Lakini yeye ako na bibi. Hawezi toa nguo mbele ya mama mwingine."

"Muulize huyo bibi ako wapi."

"Anasema ameenda kwao kidogo."

"Na ni mtu wa aina gani?"

Mume wangu akacheka alipotafsiriwa swali. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu hospitalini.

"Anasema ako na mdomo sana. Na akiandika vitabu vyake anasahau ugali kwa moto. Lakini hawezi mbadilisha na mtu."

Niliona wivu. Miezi miwili sikuhisi kitu, halafu nikamwonea wivu mwanamke yule aliyekuwa akitetewa hivyo, huku mimi nimeshika karai na maji yanapoa. Nikayamwaga nje kwenye sukuma wiki.

Siku tatu alikataa kuoga. Alikuwa na kidonda mgongoni kwa sababu ya kulala sana hospitalini, na daktari alikuwa ameonya kisafishwe kila siku. Siku ya nne kilianza kutoa usaha. Nikamwita tena dada yake.

"Mwambie bibi yake amepiga simu."

Alinitazama. "Amesema nini?"

"Amesema mimi nimwoshe. Amekubali."

Akamwambia. Mume wangu akauliza kitu kwa sauti ya chini.

"Anauliza kama amekasirika."

"Hajakasirika."

"Anauliza atarudi lini."

"Mwambie hivi karibuni."

Akafungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto. Nikamwosha mgongo, nikasafisha kidonda, nikamkausha. Muda wote huo aliangalia ukutani, hakugeuka hata mara moja, kwa heshima ya mke wake.