Upepo Niliompunguzia Mke Wangu

Gari letu lilikuwa la mke wangu zaidi kuliko langu. Alilinunua kwa kazi yake ya kupikia watu harusi, steshenwagoni nyeupe yenye mgongo mrefu, na akilitumia kuchukulia masufuria ya biriani kutoka kwetu Kibokoni mpaka popote palipokuwa na shughuli kisiwani. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Leseni nilikuwa nayo, lakini tukitoka pamoja yeye ndiye aliyeshika usukani, na mimi nilikaa kando yake nimepakata bakuli la kachumbari lisimwagike.

Alikuwa na msimamo wake juu ya upepo wa tairi. Ndani ya mlango wa dereva palibandikwa kikaratasi cha kiwandani: thelathini na tatu mbele na nyuma, na zaidi ikiwa gari lina mzigo. Watu wengi hawakisomi kikaratasi hicho. Yeye alikisoma, akanunua geji yake mwenyewe, na akipima asubuhi gari likiwa bado limepoa, kwa kuwa tairi ikishatembea na kupata moto haisemi kweli. Siku ya harusi aliongeza upepo wa nyuma. Harusi ikisha aliupunguza tena, kwa sababu gari tupu lenye tairi ngumu, alivyosema, huruka kama mbuzi. Mimi nilisimama kibarazani na kikombe changu cha chai nikimtazama alivyoinama, buibui amelikusanya kwa mkono mmoja, nikiona anajisumbua bure.

Maradhi yalimwanzia titini. Akatibiwa, tukashukuru, akarudi jikoni. Yaliporudi mara ya pili yaliingia mifupani, kwenye uti wa mgongo, na kuanzia hapo hakuweza kukaa kitako kwa muda. Ilibidi tulaze viti vya nyuma, tutandike godoro pale palipokuwa pakiwekwa masufuria, na mimi nikawa dereva. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa kisiwa. Si mbali, lakini sikuwa nimejua kuwa barabara zetu zina mashimo na matuta mengi kiasi kile. Hakuwa mtu wa kulia. Alishika mkono wa mlango, na kila tuta nililolipita nilisikia pumzi yake inakatika, kisha kimya, kisha inarudi. Nilipunguza mwendo mpaka tuktuk zikanipigia honi. Haikusaidia.

Siku moja kaka yake alikuja kumjulia hali. Nilimwomba anisaidie jambo, nikampa ufunguo, na mimi nikaingia nyuma nikalala juu ya godoro lile kama alivyokuwa akilala dada yake, kichwa upande wa dereva. Nikamwambia apite njia ya hospitali. Shemeji yangu alinitazama kwa kioo, akaondoa gari. Tulipotoka kwenye vipande vya mawe vya Mji wa Kale nilihisi kila kiungo cha barabara kikinigonga mgongoni. Kila kifuniko cha mtaro. Mgongo wangu ulikuwa mzima, lakini tulipofika Makadara nilimwambia asimame, nikatoka, nikasimama chini ya jua nikishikilia gari.

Kutoka pale nilikwenda kwa fundi wa pancha anayefanya kazi nyuma ya Marikiti, mtu aliyekuwa akimhudumia mke wangu miaka yote. Nilimweleza kuwa nina mgonjwa wa mgongo, na nataka tairi zilainike. Alifikiri kidogo. Akanieleza kuwa yawezekana, ila kila upepo unaoutoa una bei yake: tairi laini hukanyaga barabara kwa kingo, hukunjika kunjika na kupata moto, usukani huwa mzito, na ukienda mbio mchana wa jua kali inaweza kupasuka. Nilimjibu kuwa mimi siendi mbio popote. Tulianza na thelathini. Nikazunguka soko nikarudi, nikamwambia bado. Akashusha mpaka ishirini na nane, nikazunguka tena. Tulipofika ishirini na sita alikataa kwenda chini zaidi, na mimi sikumlazimisha.

Katika maradhi yale yote hilo ndilo jambo pekee lililokuwa katika uwezo wangu. Dawa zilikuwa za madaktari. Chakula walimpikia wanawake wenzake, na hata hicho alikionja tu. Usiku maumivu yalipomzidi niliketi kitandani nikimshika miguu, nisijue kama namsaidia au namchosha. Lakini upepo wa tairi niliweza kuutoa, na safari iliyofuata tuta la kwanza lilipita, na la pili, na pumzi yake nyuma yangu haikukatika. Nilifurahi. Najua ni neno la ajabu kulitumia kwa safari kama ile, lakini nilifurahi, mpaka nikaanza kumhadithia habari za ofisini.

Tulipokaribia Makadara aliuliza, "Umetoa upepo?"

Nilikiri.

"Nilijua tangu tulipotoka. Gari lalala kwenye kona. Umeweka ngapi?"

Nilimwambia. Alikasirika. Sikuwa nimemwona na hasira tangu alipolazwa mara ya mwisho, na kwa dakika ile alikuwa yule yule aliyekuwa akiwaamrisha watu kumi wenye miiko. Alinieleza yote aliyonieleza fundi, na zaidi, akisema kwa taabu na kupumzika katikati: kwamba tairi alizinunua kwa jasho lake, kwamba kiwanda hakikuandika namba ile kwa mchezo, kwamba tairi ikipasuka barabarani sitaweza kumtoa nyuma peke yangu. Nilimwambia nitazirudisha siku ile ile. Nilikuwa nimekwisha kusimamisha gari kando ya uwanja, nimegeuka kumtazama.

Alikuwa ameunyanyua mkono wake, anautazama kama kitu alichoazimwa na mtu mwingine, kifundo kimetokeza, bangili zimepanda mpaka karibu na kiwiko.

"Usizirudishe," akasema. "Ile namba ni ya gari lenye watu. Mimi sina uzito tena. Hunibebi mimi, mume wangu, wabeba kanga."

Tulikuwa hatujawahi kulisema. Tangu maradhi yarudi tulizungumza juu ya madaktari, juu ya tembe, juu ya mto upi uwekwe wapi, na kila mmoja alimhifadhi mwenzake asilisikie lile jambo lenyewe. Sasa alikuwa amelisema kwa hesabu ya tairi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekadiria mchele wa wageni. Nilitoka nikaenda nyuma, nikafungua mlango, nikaketi kwenye ukingo, nikamshika ule mkono. Watu walipita. Tulichelewa miadi yetu, na muuguzi alituuliza kama kulikuwa na foleni, nikasema ndiyo.

Baada ya siku hiyo tulisema mengine pia. Aliniambia nani apewe masufuria yake, na nani asipewe. Aliniambia nisimzuilie kaka yake gari akilihitaji. Mimi nilimwambia mambo ambayo mume husitahi kumwambia mkewe wakishazeeka pamoja, na alinisikiliza macho ameyafumba, safari nzima, tairi zikikanyaga taratibu.

Alifariki nyumbani, asubuhi, wakati mimi nimeinuka kufungua dirisha. Tulimzika siku ile ile. Jeneza lilipita kwenye vichochoro vyetu juu ya mabega ya watu, na nilipopokezwa nafasi yangu chini yake nilitamani liwe zito, likakataa.

Matanga yalipokwisha, ikabaki mikeka na masufuria tuliyoazima, navyo vilitakiwa kurudishwa kwa wenyewe. Shemeji yangu alianza kupakia, kisha akaja kunitafuta ndani. Alisema kwa upole kuwa tairi za nyuma zimelala, gari halitaweza mzigo ule. Alijitolea kwenda yeye kutia upepo. Nikasema hapana, nitakwenda mwenyewe. Tukaishusha mikeka.

Nilipofika nyuma ya Marikiti fundi alikuwa ameinamia gurudumu la mkokoteni. Alinisalimia kwa furaha, akajifuta mikono.

"Mgonjwa yuaendeleaje?" akauliza. "Zile tairi zamfaa?"

Niliiitikia salamu yake, na kwa swali lile nikatikisa kichwa. Alinitazama, akaelewa. Alizima kompresa, akasema yale yasemwayo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kuwa yule mama hakuwahi kupita pale bila kumletea chochote cha kula kutoka harusini. Hilo sikulijua. Mwisho akauliza aweke ngapi.

Nilianza kuisema ile namba ya kiwandani, nikaishia kuonyesha tu mlango wa dereva. Akakisoma kikaratasi mwenyewe. Kompresa ikaanza kunguruma, na gari likainuka polepole, upande mmoja kisha wa pili, mpaka likasimama kama gari la mtu yeyote. Fundi aliniletea kigoda cha plastiki, akaniweka kivulini pa ukuta, akarudi kwenye mkokoteni wake. Nililia pale mbele ya wachukuzi wa soko na hakuna aliyeniuliza neno. Adhana ya alasiri ilipolia niliinuka, nikamshukuru, nikaendesha kurudi nyumbani, ambako shemeji yangu alikuwa ameketi juu ya mikeka iliyokunjwa, akinisubiri.