Ng'ombe Saba Zizini Kwangu

Mwaka 2009, nikiwa na miaka arobaini na tano, niliachika. Shida zangu zinaanzia hapo. Za nyuma ya hapo zilikuwa za watu wawili, sizihesabu. Nilirudi kwetu, upande huu wa Ilongero, na kitinda mimba wangu mgongoni. Alikuwa na miaka minne na alishapita umri wa kubebwa, lakini nilimbeba. Mume wangu alibaki na lori la kusombea alizeti. Mimi nilibaki na jembe, sufuria mbili na mdomo.

Shule niliishia darasa la tatu. Nasema mapema ili mtu asitafute maneno makubwa humu.

Nililima vibarua, nikauza mashudu, nikafyatua matofali yangu mwenyewe na kuyachoma mwenyewe. Hakuna aliyenipa hata bati moja. Wapo wanaosema walinisaidia. Waje waonyeshe bati lao ni lipi.

Ng'ombe ni habari nyingine. Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye zizi lake. Huwagawa, hawa kwa huyu, wale kwa yule, ili ugonjwa ukija usiwamalize, na ndugu wakija kuomba wakute zizi jepesi. Anayewatunza hupata maziwa na samadi, na miaka ikipita hupewa mtamba, jike ambaye hajazaa bado, awe wake. Sharti ni moja: husemi ni wa nani. Ukisema, hutapewa tena na mtu yeyote. Mwenyekiti wa kitongoji chetu, mzee mwenye ndugu wengi na ndugu wenye shida nyingi, aliniletea wawili. Wakazaa, wakafika saba. Watu wakaanza kusema yule mwanamke aliyeachika sasa ana zizi. Sikuwakatalia. Nilipenda, na kwa nini nisipende?

Binti yangu, yule wa mgongoni, alikua kwa maziwa yale. Asubuhi alikuwa akikamua huku anajisomea hesabu kwa sauti, na ng'ombe wakazoea, akinyamaza wanarusha mateke. Alipomaliza kidato cha sita akapata nafasi chuo kikuu, Dodoma, asomee ualimu. Ada sikuwa nayo. Mkopo wa serikali upo, ila lazima uombwe kwa fomu, na fomu ile inataka kujua baba ana nini na mama ana nini. Asipoupata mkopo, haendi. Hilo tulilijua wote wawili bila kuambizana.

Alinisomea fomu nikiwa napepeta uwele. Tulipofika kwa baba, akashusha karatasi. Kwenye karatasi zake zote za shule baba yake bado alikuwa mfanyabiashara wa lori. Lori lilishakufa zamani, likauzwa chuma chakavu, na mwenyewe yuko Itigi na mke mwingine, anauza asali ya watu. Jirani yangu mmoja akanishauri tuandike amefariki, eti yatima hawasumbuliwi.

"Simwui mtu kwa kalamu," nikamwambia. "Angekuwa wa kufa, angekufa siku ile niliyofunga mzigo."

Jirani akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikaenda baraza la kata kutafuta karatasi ya kwamba tuliachana. Binti akampigia baba yake, akamweleza. Yule bwana hakuleta matata. Alileta barua ya serikali ya mtaa wake kuwa lori hana na kipato chake ni cha kubangaiza. Kabla hajakata simu alimuuliza mtoto kama bado anaogopa majogoo. Binti alicheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba na kukaa huko kidogo. Sikumfuata. Kuna mahali mama haendi.

Ikabaki saini ya kijijini. Mtendaji wetu alikuwa kijana mgeni, hajamaliza hata mwaka. Akaja kuiona kaya. Alinipa shikamoo yake vizuri, nikampa maziwa ya mgando, akanywa yote. Akaangalia bati, akaangalia zizi, akaandika.

Siku ya pili akatuita ofisini. Mwenyekiti alikuwa amekaa pembeni yake, kwa kuwa naye lazima athibitishe. Kwenye benchi palikuwa na watu wenye shida zao, na mmoja ni mdogo wake mwenyekiti. Mtendaji akasema kwa upole kwamba mama mwenye ng'ombe saba hawezi kuandikiwa kuwa hana uwezo, bora auze wawili watatu, mtoto asome.

Nikamtazama mwenyekiti. Alikuwa anaangalia kofia yake magotini. Binti yangu akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Neno lile halikuwa langu wala lake. Na sitaficha, kusimama mbele ya benchi lile na kusema sina hata mmoja kulikuwa kugumu kuliko kufyatua matofali.

"Andika unavyoona, mwanangu," nikamwambia mtendaji. Nikamshika binti mkono, tukatoka. Akaniambia taratibu, kwa Kinyaturu, nisijali, atatafuta kazi ya kuuza duka mjini. Alisema hivyo ili kunituliza mimi.

Tulikuwa bado kwenye ngazi mwenyekiti alipoita.

"Rudi, dada. Mtendaji, futa hapo. Wale ng'ombe ni wangu, wote saba."

Mdogo wake akainuka pale kwenye benchi. "Kumbe, kaka? Mwaka jana nilipokuja uliniambia huna hata mkia."

"Mkia nilikuwa nao," mzee akasema. "Wewe ulikuja unataka ng'ombe mzima."

Watu wakacheka, hata mtendaji akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akamgeukia kijana: "Huyu mtoto amewakamulia ng'ombe wangu tangu hajui kufunga kamba. Siwezi kumwacha akwame kwa ajili yao. Niletee nisaini."

Akasaini. Alijua kinachokuja.

Na kilikuja. Wiki haikuisha, ndugu walikuwa wamefika. Wawili wakaenda kwa mahari ya mtoto wa mdogo wake, wengine wakagawanywa kwa hili na lile. Mzee alikuja mwenyewe kuwatoa zizini kwangu, asubuhi, na hakunilaumu. Alimwacha mtamba mwekundu amefungwa kwenye nguzo. "Huyu ni wako kwa haki," akasema, "hata nisingesema." Tukakaa tukanywa chai ya rangi, kwa kuwa maziwa ndiyo hayo yalikuwa yanaondoka.

Majina ya waliopata mkopo yalipotoka, binti aliyasoma kwenye simu tukiwa kijiwe cha bodaboda. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye vumbi na sketi yake safi, na mimi nikakaa hapo hapo pembeni yake. Sasa yuko Dodoma. Akipiga simu huuliza kwanza mtamba hajambo.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu. Nina shamba la alizeti na kipande cha uwele. Mbuzi wanne. Kuku, idadi yao anaijua kicheche. Tangi la maji, na simu ya tochi. Mtamba mmoja mwekundu, karibu anazaa. Ukiuliza huyu ni wa nani, nakutajia.