Mjane Mwenye Mume

Simu ililia Mama Pindo akiwa anaosha vyombo, mikono imejaa povu, akamwashiria mumewe aipokee. Alikuwa wifi yake, dada wa mume, anayefanya kazi ng'ambo. Siku hiyo hata salamu hakutoa. Alikuwa analia kwa kwikwi.

"Wifi, jamani! Kaka yangu amekufa lini na hamkuniambia?"

"Kaka yako yupi?" mume akauliza. "Si unaye mmoja tu, na ndiye huyu anayeongea?"

Likafuata yowe lililomfanya aiweke simu mbali na sikio.

Maelezo yalifuata, na picha juu. Wifi alikuwa ameingia kwenye duka la fahari, akaona mkoba wa kitambaa, na kwenye lebo yake sura ya Mama Pindo, amekunja uso kama mtu anayeumwa jino. Chini ya sura, maneno: mama huyu alifiwa na mumewe, akalala na wanawe kwenye sakafu ya jiko la jirani, nunua mkoba huu, umpe tabasamu.

Mume, fundi baiskeli mwenye kitambi kisichofichika, aliisoma mara mbili. "Kumbe nimekufa," akasema, "na bado natumwa sabuni."

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Lakini Mama Pindo si mtu wa kulala na jambo, na asubuhi aliibeba simu hiyo mpaka kazini.

Kazini ni gereji ya zamani ambayo bado inanukia oili ukifungua mlango. Humo wanawake wa mtaani wanashona mikoba. Jina la Mama Pindo walimpa wao, kwa vile pindo likienda upande hata kidogo tu, utalifumua mbele yake, na ukinuna utalifumua ukiwa umenuna. Ndiye aliyewakusanya, zamani kila mmoja alipokuwa akiuza peke yake mlangoni kwake na walanguzi wakijipangia bei wanayotaka. Walipoungana walipata duka hilo la ng'ambo, lililoahidi biashara ya haki. Na kwa bei, kusema kweli, lilitimiza.

Akawasomea lebo hiyo, maana lebo hubandikwa hukohuko ng'ambo na wao walikuwa hawajawahi kuiona. Gereji nzima ikaangua kicheko. "Poleni na msiba!" mmoja akapaza sauti, mwingine akajifanya anatandika mkeka wa matanga.

Bi Vifungo hakucheka. Huyu ndiye anayetia vifungo, mama mkimya wa kona ya dirishani, na mjane wa kweli.

"Hayo ni yangu," akasema.

"Yako vipi?"

"Yule mpiga picha wa duka, aliyekuja kutupiga picha, aliniuliza maisha yangu, nikamwambia. Jiko la jirani, sakafu, yote. Nililia mbele yake. Akasema pole mama, ila sura yako haitoki vizuri kwenye picha."

Kicheko kikakatika. Mama Pindo akaishusha simu. Alikuwa ametangaza msiba wa mwenzake kwa mbwembwe, mbele ya watu! Akaenda akakaa karibu na Bi Vifungo, akamshika mkono, na alipoinuka hasira ilikuwa imempanda hasa.

"Marobota ya mikoba hayatoki humu," akasema, "mpaka lebo hizo za dukani zitoke."

Mwenyekiti wa kikundi akashika kichwa. "Dada yangu, mnunuzi tunaye huyo mmoja. Akisusa, tunarudi kwa walanguzi. Umefikiria?"

"Nimefikiria. Bei yake nzuri, sikatai. Lakini anauza msiba wa mwenzetu, mkoba anautoa kama nyongeza! Hiyo ndiyo haki? Anayetaka yapakiwe anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mwenyekiti alitazama huku na huku, akaguna, akaenda kufunga mlango wa stoo kwa mkono wake mwenyewe.

Wakala wa duka alipofika na gari la mizigo, aliwakuta wamekaa mbele ya mlango huo. Ni kijana mstaarabu, mkoba wao wenyewe begani, lebo ya dukani ikining'inia.

"Mama zangu, mniwie radhi," akasema baada ya kuelezwa. "Lakini kule hadithi ndiyo inayouza."

"Mshono wetu je? Hauuzi?" Mama Pindo akauliza.

"Si hivyo, mama."

"Basi ni vipi? Hebu mpigie bosi wako. Tuongee naye sisi."

Kijana akapiga, akaweka spika, akawa anatafsiri. Mwenye duka alianza kwa ukali: meli haisubiri mtu, na mikoba ipo kwingine pia. Mwenyekiti akafumba macho. Mama Pindo akajibu kwamba kwingine aende tu, ila ajue mume wa mjane wake yupo hapo mtaani anaziba pancha, na dada wa huyo marehemu anaishi mji uleule wenye duka, na mdomo anao. Kijana alisita, akatafsiri yote.

Sauti ya mwenye duka ikarudi, imeshuka.

"Anauliza, lebo hizo zikitolewa, mpya ziandikwe nini?"

Mama Pindo akafungua mdomo, akaufunga. Akageuka. "Bi Vifungo, sema wewe. Ni haki yako."

Bi Vifungo alisimama, akajifuta mikono kwenye gauni. "Aandike kuna mama anatia vifungo," akasema taratibu. "Mteja avute. Kikitoka, asinunue."

Kijana akatafsiri. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akashusha mkoba wake begani, akakishika kifungo, akakivuta. Akakivuta tena, kwa nguvu, mishipa ya mkono ikamtoka.

Sauti ya simu ikauliza kitu.

"Anauliza kama kimetoka," kijana akasema.

"Mjibu," Bi Vifungo akamwambia.

Kijana akamjibu bosi wake kwamba hakijatoka, akasikiliza kidogo, kisha akaomba mkasi aanze na lebo ya mkoba wake.