Mtungi wa Shangazi na Gitaa la Umeme

Nilikuwa na kiburi cha gitaa. Katika bendi yetu ya Ngamiani, miaka ile ya hamsini, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na gitaa la umeme, na mtambo wenyewe ulikuwa wa kuungaunga: sumaku niliyoifunga chini ya nyuzi, waya mrefu, na redio kuukuu ya kukuza sauti. Sauti ilitoka kavu, kama bati linalokwaruzwa. Mimi nilitaka ivume.

Nikagundua kwamba spika ya redio ile ukiielekeza kwenye mdomo wa mtungi mtupu, sauti hurudi nzito, ina mwangwi. Lakini nani atamwaga maji yake ya kunywa kwa ajili ya dansi? Mtungi mmoja tu mtaani ulikaa mtupu siku zote, wa shangazi yangu, dada wa baba, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake. Ulikuwa wa kazi hiyo tu. Hata kuku walifukuzwa wasiusogelee. Nilijua hayo yote. Nikauchukua akiwa sokoni, nikawaambia wenzangu nimeupata kwa mfinyanzi.

Ukumbini sauti ikawa imebanwa. Nikachukua msumari mnene, nikausokota polepole kwenye kitako cha mtungi mpaka likatokea tundu la kupitisha penseli. Hapo gitaa likaimba! Wenzangu wakanipigia makofi, nami kichwa kikanivimba.

Dansi lilianza baada ya alasiri. Wimbo wa pili haujaisha, nikamwona shangazi mlangoni, amejitanda kanga, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbi wa dansi maishani mwake. Nikadhani amekuja kunigombeza mbele za watu. Sikumwamkia. Niliinamisha kichwa, nikaongeza sauti ya redio. Mpaka leo nikiukumbuka mkono wangu kwenye kile kitufe natamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye alisimama tu, akangoja wimbo uishe.

"Baba," akaniambia kwa sauti ya chini, wenzangu wasisikie, "mke wa fundi baiskeli hatunaye tena. Watu wanataka kuzika kabla ya magharibi. Nipe mtungi wangu."

Niliubeba mwenyewe hadi kwa wafiwa. Wanawake wakauweka kwenye mchanga, nyuma ya pazia, nami nikaambiwa nichote maji kisimani. Nikaleta ndoo ya kwanza, ya pili, ya nne.

"Mbona maji hayakai?" akauliza mwanamke mmoja huko ndani.

Nilijua yanakokwenda. Mchanga ulikuwa ukiyanywa, na maiti inangoja. Nikajibu nikiwa nje ya pazia, haraka mno, "Labda mtungi umechakaa."

Nikarudi kisimani, tena na tena, mpaka wakamaliza.

Kesho yake asubuhi nikamkuta shangazi uani, ameupindua ule mtungi aliourithi kwa mama yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Alikuwa akipitisha kidole kwenye lile tundu, anakizungusha taratibu. Lilikuwa duara kabisa, na kingo zake mpya. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningeshukuru.

"Kweli, baba, umechakaa," akasema, akanikabidhi. "Kautupe."

Nikaupokea kwa mikono miwili, nikatoka nao bila kuthubutu kumtazama usoni.