Maji Aliyomwagiwa Rebeka

Nyinyi mliokuwa wadogo pamoja nami kule Bokoli, si mnakumbuka Jumapili zetu? Kanisa la mabati, sakafu imepakwa mavi ya ng'ombe, na baada ya ibada viazi vitamu na chai kwa kikombe cha bati, halafu tunacheza kati, kurushiana na kukwepa, mpaka mpira wa nailoni unafumuka. Sisi Wamennonite hatukubatiza watoto wachanga. Ulingoja ukue, ujue dhambi yako, uokoke, ndiyo usimame useme kwa mdomo wako mwenyewe. Hakuna kusemewa na mama.

Mimi nililelewa na anti Selina, dada ya baba, baada ya wazazi wangu kufa. Namtaja kwa jina na siogopi. Alinichoma mkono na mwiko wa ugali, alama bado iko. Binti yake Rebeka hakuguswa hata na ufagio.

Tulisoma mafundisho ya ubatizo pamoja, mimi na Rebeka. Siku ikafika. Mzee Barasa wa kanisa akauliza mbele ya watu, "Uko na amani na watu wote?"

Rebeka akajibu, "Niko nayo."

Mimi nikasema ukweli, si ndivyo tulifundishwa? "Sina, mzee. Anti ananichoma."

Anti akaruka juu. "Ati nini? Huyu mtoto ni muongo, bana! Ananiaibisha mbele ya Mungu!"

"Kaa chini, msichana wangu," mzee Barasa akaniambia. "Patana na anti yako kwanza."

Anti mwenyewe hakuulizwa kitu. Rebeka akapiga magoti, akamwagiwa maji kichwani na jagi, yakateremka mpaka shingoni, akafungwa kitambaa cheupe. Nikamwonea wivu. Na jioni akaringa: "Usiguse kitambaa changu na hiyo mikono yako."

Nilingoja anti aniombe msamaha. Yeye akangoja mimi. Tukangojana hivyo mpaka akazikwa.

Pasaka iliyopita, hapa Kitale, binti ya Rebeka alibatizwa na wenzake. Watoto wa siku hizi! Simu ziko juu, nywele za saluni wanaogopa zisiharibike. Wakaulizwa kuhusu amani, wakajibu mbio mbio kama wanaitikia majina darasani. Sisi tulifunga, tukaomba, tukatetemeka. Nikawacheka chini chini pale benchi ya nyuma.

Lakini wao ndio walitoka nje vichwa vimelowa. Changu bado kikavu.